Sindano ya Heparini Itokanayo na Nguruwe

Tumeulizwa kuhusu mgonjwa aliyelazwa, damu imeganda mguuni, akaikataa sindano ya heparini aliposikia kuwa inatokana na nguruwe. Ni kweli: heparini nyingi ya hospitali hutolewa katika utumbo wa nguruwe. Mahanafi huzingatia istihala, yaani kugeuka kwa dhati. Sisi Mashafii hatuoni kuwa hilo linaitoharisha. Lakini Imam Nawawi katika al-Majmuu amejuzisha kujitibu kwa najisi pasipopatikana dawa tohara. Basi mgonjwa amuulize daktari kama ipo badala. Fondaparinaksi hutengenezwa maabara bila mnyama, ila haimfai kila mtu, hasa mwenye figo dhaifu. Ikikosekana, achomwe heparini bila wasiwasi (Al-Baqara 2:173), wala asichelewe, maana bonge la damu likipanda mapafuni huua. Na damu itokayo penye sindano haitengui udhu kwetu. Wallahu aalam.