Foklifti ya Ardhi Mbovu

Wanachama wengi wametuuliza kama yafaa chama kukodi foklifti ya ardhi mbovu kwa vituo vyetu vya milimani. Kabla kamati haijakaa, twaona ni wajibu wetu kueleza mtambo huu ulivyo.

Foklifti tuzionazo ghalani zina magurudumu madogo ya mpira mgumu, na matumbo yao yako karibu na ardhi. Juu ya sakafu ya saruji hazina mfano. Lakini zitoe nje wakati wa masika, katika udongo wetu huu wa utelezi, zitakwama papo hapo. Ile ya ardhi mbovu ina matairi makubwa ya upepo yenye meno kama ya trekta, tumbo lake liko juu, na nyingi huvuta kwa magurudumu yote manne. Baadhi zina kufuli ya difrenshali, ambayo hulifanya gurudumu lililo pakavu livute hata kama mwenzake anazunguka bure matopeni.

Ama kugeuka, foklifti ya kawaida hugeuza magurudumu ya nyuma, kwa hiyo mkia wake hutupwa upande. Mtu asisimame hapo. Zile zenye mkono mrefu wa kuvutika mara nyingi huendeshwa kwa namna tatu. Barabarani hugeuka magurudumu mawili tu. Penye nafasi ndogo hugeuka yote manne, ya mbele huku na ya nyuma kule, nayo ikazunguka kama pia. Namna ya tatu yote manne huelekea upande mmoja, mtambo ukaenda mshazari kama kaa. Hii ndiyo iliyotupendeza sisi, maana huweza kuusogelea ukuta wa ghala bila ya kurudi nyuma mara tatu.

Wepesi huo usitudanganye. Kibao kikisema kilo 2,500, mara nyingi ni kwa mzigo ambao kitovu chake kiko sentimita 50 kutoka shina la uma. Magunia ya karafuu si mazito sana lakini ni mapana. Yakijitokeza mbele, kitovu husogea na uwezo wa mtambo hupungua. Mkono ukirefushwa ni vivyo hivyo. Kilimani mzigo uelekee juu daima: hupandwa kwa mbele, hushukwa kinyumenyume, uma ukiwa chini. Wala dereva asigeuze katikati ya mteremko, kwani hapo ndipo mtambo upindukapo ubavu.

Mwanachama mmoja amependekeza wachumaji wainuliwe kwa uma badala ya kuparamia mikarafuu. Twafahamu kilichomsukuma, sote twawajua walioanguka. Lakini uma mtupu, au ubao uliowekwa juu yake, si pahala pa kusimama mtu. Ikiwa mtengenezaji ameruhusu kapu maalumu lenye ukingo, likafungwa barabara, mtambo ukasimama pahala tambarare na dereva asiondoke kwenye usukani, hilo laweza kuzungumzwa. Bila ya hayo hatutaliandika katika ajenda.