Pedali Kongwe na Pedali Mpya za Gita: Uteuzi wa Kifaa kwa Mpiga Gita wa Pemba

Makala hii inafafanua kigezo cha kuteua pedali ya ovadraivu, kongwe au mpya, katika mazingira ya kisiwa cha Pemba. Pedali hiyo hukuza mawimbi ya umeme yanayotoka kwenye gita, kisha dayodi hukata vilele vyake, na sauti ikapata mkwaruzo. Ibanez TS808, iliyotengenezwa Japani mwishoni mwa miaka ya 1970, hutafutwa sana na wakusanyaji, ambao huisifu chipu yake ya JRC4558. Hata hivyo, pedali hiyo ilirudishwa sokoni mwaka 2004 kwa saketi ya muundo uleule. Kinachozitenga zaidi ni umri: kapasita za kale hukauka, nao unyevu wenye chumvi hutia kutu swichi na viunganishi. Kwa upande mwingine, pedali nyingi mpya za bei nafuu zina vipuri vidogo mno, ambavyo fundi wa redio wa Chake Chake au Wete hawezi kuvibadilisha kwa urahisi. Kwa hiyo, kigezo kikuu si ukongwe wala upya, bali uwezekano wa kifaa kutengenezwa papo hapo kisiwani.