Kitabu Kilichopitwa na Wakati Kiondoke Rafuni

Mwaka 2001 Tanzania Bara iliacha klorokwini kama tiba ya kwanza ya malaria, kwa kuwa vimelea vilikwisha kujenga usugu dhidi yake. Ikaja dawa iitwayo SP, nayo mwaka 2006 ikaipisha dawa mseto. Lakini kitabu cha afya kilichochapishwa miaka ya 1980, chenye kipimo cha klorokwini kwa mtoto mwenye homa, hakikubadilika hata neno moja. Ikiwa kingali kwenye rafu ya maktaba ya shule au ya wilaya, mzazi anayekifungua leo hana sababu ya kukitilia shaka, maana kina mhuri wa maktaba.

Kukiondoa kitabu hicho ni wajibu wa mkutubi, sawa na ule wa kuagiza kipya. Hata hivyo wengi wetu tunasita. Tumekulia mahali ambapo kitabu kimoja cha kiada kiligombaniwa na dawati zima, na anayetoa kitabu rafuni tunamwona kama anayemwaga chakula. Heshima hiyo kwa kitabu ni njema. Ila inapomfanya msomaji apotoshwe, au ashindwe kukiona kitabu anachokihitaji, tumeheshimu karatasi tukamsahau mtu.

S. R. Ranganathan, mkutubi wa Chuo Kikuu cha Madras nchini India, alitoa mwaka 1931 kanuni tano ambazo wakutubi duniani kote hufundishwa hadi leo. Ya kwanza inasema vitabu ni vya kutumiwa. Ya nne inamtaka mkutubi aokoe muda wa msomaji. Ya tano inasema maktaba ni kiumbe kinachokua, na kiumbe hai hakikui kwa kuongeza tu, hujisafisha pia. Mkulima anayeacha magugu kwa sababu nayo ni majani mabichi hatavuna.

Tena si vitabu vichakavu pekee vinavyokaa bure. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, walifuatilia vitabu ambavyo maktaba yao ilivipata mwaka 1969. Walipochapisha matokeo mwaka 1979, ilibainika kuwa takriban asilimia 40 ya vitabu hivyo havikuwa vimeazimwa hata mara moja kufikia mwishoni mwa 1975. Ikiwa chuo kinachojichagulia vitabu kwa fedha zake kilikuta hali hiyo, tutafakari hali ya maktaba zinazotegemea misaada, ambazo hupokea walichonacho wafadhili badala ya wanachokitaka wasomaji.

Wafadhili wenyewe wamejifunza. Shirika la Book Aid International la Uingereza lilianza mwaka 1954, likikusanya vitabu vilivyokwisha kusomwa na kuvisafirisha ng’ambo. Leo linatuma vitabu vipya vinavyotolewa na wachapishaji. Na sisi tunaopokea tuwe na ujasiri wa kusema mapema tunahitaji nini, na kukikataa kwa adabu kisichotufaa. Sanduku la bure hula nafasi ya rafu na muda wa kuorodhesha.

Kitabu gani basi kiondoke? Mwongozo uitwao CREW, uliotolewa Texas mwaka 1976, unamtaka mkutubi atazame umri wa kitabu, muda uliopita tangu kitumike mara ya mwisho, na hali yake. Je, kinapotosha? Kimechakaa kiasi cha kutokarabatika? Kuna toleo jipya? Kinamhusu msomaji wa hapa? Kinapatikana kwingine kwa urahisi? Kwetu, hata hivyo, rekodi za kuazima hazitoshi. Wasomaji wengi, hasa wanafunzi, husomea palepale bila kuazima chochote. Kwa hiyo kabla ya kurudisha rafuni vitabu vilivyoachwa mezani jioni, mkutubi avihesabu. Hapo ndipo atakapojua kinachosomwa.

Kupalilia bila kulijua zao nako ni hatari. Mwaka 1996, baada ya maktaba kuu ya jiji la San Francisco kuhamia jengo jipya, mwandishi Nicholson Baker aliishutumu hadharani kwa kutupa vitabu vingi mno jalalani, na mjadala mkali ukazuka. Kwetu hasara ya namna hiyo ingekuwa kubwa zaidi. Nakala za gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, huenda zisiombwe na mtu kwa miaka mingi. Siku atakapokuja mtafiti wa historia ya Kiswahili, hakuna duka la kuzinunua.

Kwa hiyo swali la haki si kama kitabu ni kizuri, bali ni nani anayekuja kukisoma hapa. Kitabu cha uraia kinachoeleza mikoa minane ya Kenya kinampotosha mwanafunzi wa leo, anayeishi chini ya katiba ya 2010 na serikali za kaunti 47. Kitabu hichohicho, kikiwa katika maktaba ya chuo kikuu, ni ushahidi wa jinsi nchi ilivyotawaliwa. Hata kile cha klorokwini kinastahili nakala moja katika hifadhi ya taifa. Kabla ya kuondoa nakala, mkutubi aulize kama kuna nyingine kwingineko. Ikiwa ndiyo ya mwisho, ipelekwe inakoweza kutunzwa.

Yote haya yanahitaji sera iliyoandikwa. Vitabu vya maktaba ya umma ni mali ya umma, na mkutubi anayehofia swali la mkaguzi ataona heri aviache vioze rafuni. Bodi na halmashauri zimpe kinga: vigezo vilivyo wazi, kamati yenye mwalimu na msomaji ndani yake, orodha ya vilivyoondolewa na sababu zake, na ukaguzi wa rafu kila mwaka. Umma uelezwe mapema, usije kugundua vitabu vikiwa jalalani.

Pamoja na sera hiyo itengwe bajeti ya vitabu vipya, maana rafu iliyosafishwa kisha ikaachwa tupu haimfai msomaji. Serikali inayoidhinisha kuondolewa kwa kitabu cha tiba iliyopitwa na wakati ina deni la kumnunulia mwananchi kile chenye tiba sahihi.