Damu Isiyoonekana

Mtu akigongwa na bodaboda Mtaa wa Msimbazi, watu hutazama kwanza kama anatoka damu. Wasipoiona hushukuru Mungu, humkalisha kivulini na kumpa soda. Lakini damu iuayo upesi mara nyingi ni ile isiyotoka nje. Bandama ikipasuka au ini likichanika, zaidi ya lita 1 ya damu yaweza kukusanyika tumboni na ngozi isiwe na hata mchubuko.

Hapo ndipo ultrasaundi inapofaa. Wengi twaijua kwa akina mama wajawazito. Mashine hutoa mawimbi ya sauti ambayo sikio halisikii. Yakigonga viungo hurudi kama mwangwi, nao hugeuzwa picha. Haina mionzi kama eksirei. Damu iliyomwagika, kwa kuwa ni majimaji, huonekana nyeusi. Daktari hutazama sehemu 4: kuzunguka moyo, kati ya ini na figo, kati ya bandama na figo, na karibu na kibofu. Kwa mzoefu ni kazi ya dakika chache, palepale kitandani. Majeruhi wakija wengi kwa pamoja, kama jengo lilipoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, dakika hizo husaidia kuamua nani atangulie chumba cha upasuaji.

Kwa mzoefu, nasema, maana mashine peke yake ni sanduku tu. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifungua idara kamili ya tiba ya dharura mwaka 2010, na mwaka huohuo yakaanza mafunzo ya madaktari bingwa wa fani hiyo. Wa kwanza walihitimu 2013. Ultrasaundi ni sehemu ya mafunzo yao. Utafiti nao wahitajika hapa kwetu, si Ulaya tu. Mgonjwa wa kichocho cha ini au kifua kikuu cha tumbo aweza kuwa na maji tumboni tangu kabla ya ajali, nayo kwenye picha hufanana na damu. Daktari asiyelijua hilo aweza kumpasua mtu bure.

Akina mama wasidhani habari hii ni ya ajali pekee. Mimba ikitunga nje ya mfuko wa uzazi huweza kupasua mrija na kumwaga damu vilevile. Binti aliyekosa siku zake, akaumwa tumbo la chini na kuona kizunguzungu au kuzimia, apelekwe hospitali saa hiyohiyo, hata usiku. Msimwache alale kwanza, wala msianze kumhoji kwa ukali.

Majeruhi naye asipewe soda wala chakula kabla ya kupimwa, kwani huenda akahitaji upasuaji. Akiruhusiwa kurudi nyumbani, kisha maumivu yakazidi, tumbo likavimba au akawa baridi na jasho, mrudisheni. Damu kidogo huweza isionekane katika kipimo cha kwanza, na daktari hatashangaa kuombwa apime tena.