Nunua Viatu, Vuna Maili

Watu wawili wanaoishi Houston wananunua viatu vya aina moja, siku moja, kwenye tovuti ya duka moja, kwa dola 100. Wa kwanza ameingia dukani moja kwa moja kwa simu yake na kulipa. Wa pili amepitia kwanza kwenye tovuti ya shirika la ndege, akabofya jina la duka lile lile, akalipa bei ile ile. Viatu vinawafikia wote. Wiki chache baadaye, yule wa pili anakuta maili 500 zimeingia kwenye akaunti yake ya ndege, ingawa mwaka mzima hajakanyaga uwanja wa ndege.

Huo si mchezo wa bahati nasibu, wala si utapeli wa mtandaoni. Mashirika makubwa ya Marekani yana milango ya namna hiyo: American Airlines wana AAdvantage eShopping, United wana MileagePlus Shopping, Delta wana SkyMiles Shopping. Uingereza, British Airways wana mlango wao wa kuvuna Avios, jina la maili zao. Nyuma ya kila mlango mna maduka kwa mamia: ya nguo, simu, vipodozi, vifaa vya nyumbani, maua, hata chakula cha mbwa. Kujiunga ni bure.

Anayelipia maili hizo ni duka. Tangu miaka ya 1990 wauzaji wa mtandaoni wamekuwa wakimpa kamisheni kila anayewaletea mteja; Amazon ilianza mpango wake wa aina hiyo mwaka 1996. Ni udalali ule ule wa soko la Kariakoo: aliyemleta mnunuzi haondoki mikono mitupu. Mteja anapobofya jina la duka, kivinjari chake huhifadhi alama ndogo iitwayo kuki, na kwa alama hiyo duka hujua nani kamleta. Akilipa, duka hutoa asilimia fulani ya mauzo. Tuseme ni asilimia 8. Kwa viatu vya dola 100 hizo ni dola 8. Sehemu yake hubaki kwa kampuni inayoendesha mlango, na sehemu nyingine hutumika kununua maili kutoka kwa shirika la ndege, ndizo anazowekewa mteja. Milango kadhaa ya mashirika ya Marekani huendeshwa kwa niaba yao na Cartera Commerce, kampuni iliyonunuliwa mwaka 2017 na Ebates, ambayo leo inajulikana kwa jina la Rakuten.

Kwa hiyo yule wa kwanza hakupata bei nafuu kwa kwenda dukani moja kwa moja. Kamisheni ambayo ingetolewa kwa ajili yake ilibaki mfukoni mwa mwenye duka.

Wazo la kumtuza mnunuzi kwa kitu kingine lina umri mkubwa kuliko intaneti na kuliko ndege yenyewe. Mwaka 1896 kampuni ya Sperry & Hutchinson ilianza kuyauzia maduka ya Marekani stempu za kijani. Mteja alipewa stempu kulingana na fedha alizotumia, akazibandika kwenye kitabu, na kitabu kikijaa akakibadilisha kwa bidhaa. Mashirika ya ndege yalilichukua wazo hilo baadaye sana. Tarehe 1 Mei 1981 American Airlines ilizindua mpango wake wa maili, AAdvantage, na United ikafuata siku chache tu baadaye. Mwanzoni maili zilihesabiwa kwa umbali aliosafiri abiria. Haukupita muda mrefu mashirika yakagundua kwamba maili zinaweza kuuzwa: kwa hoteli, kwa wakodishaji wa magari, kwa benki zinazotoa kadi za mkopo, na hatimaye kwa wauza viatu.

Aliyeonyesha mwanya wa biashara hiyo ulivyo mpana ni mhandisi David Phillips wa Chuo Kikuu cha California, Davis. Mwaka 1999 kampuni ya vyakula ya Healthy Choice ilitangaza kwamba atakayetuma vibandiko kumi vya bidhaa zake atapewa maili 500, na akiwahi kutuma mapema atapewa 1,000. Phillips alipiga hesabu, kisha akazunguka madukani hadi akapata vikombe vya pudini vya kampuni hiyo vikiuzwa kwa senti 25 kimoja. Alinunua vikombe 12,150. Kubandua vibandiko vyote hivyo ilikuwa kazi kubwa, kwa hiyo akaigawa pudini kwa Jeshi la Wokovu, nao wakampa watu wa kumsaidia kubandua. Kwa dola zinazozidi 3,000 kidogo tu alijipatia zaidi ya maili milioni moja na robo, na kwa kuwa pudini ilikwenda kwa sadaka, akapata na nafuu ya kodi. Kisa chake kilichangia wazo la filamu ya Punch-Drunk Love ya mwaka 2002.

Mianya mipana namna hiyo haidumu. Miaka kadhaa baadaye wapenda maili wa Marekani waligundua kwamba kiwanda cha sarafu cha serikali yao kinauza sarafu za dola moja kwa thamani yake halisi, kinapokea kadi za mkopo, na kinazituma bila malipo ya usafirishaji. Walizinunua kwa maelfu, wakavuna maili za kadi, kisha wakazipeleka sarafu benki kulipia deni la kadi ile ile. Serikali iliwavumilia kwa muda, lakini mwaka 2011 ikaacha kupokea kadi za mkopo kwa mauzo hayo.

Ukubwa wa biashara hii ya kuuza maili ulionekana wazi wakati wa korona. Mwaka 2020 ndege zilipokuwa zimeegeshwa, United iliuweka mpango wake wa MileagePlus kuwa dhamana ya mkopo wa dola bilioni 6.8. Mpango huo peke yake ulikadiriwa kuwa na thamani ya karibu dola bilioni 22, wakati hisa zote za United sokoni zilikuwa na thamani ndogo kuliko hiyo. Delta na American nazo zilikopa kwa njia hiyo. Maili ambazo mteja huziona kama zawadi ni bidhaa ambayo shirika huitengeneza kwa kompyuta, hulipwa leo, na huitolea huduma baadaye, kwa bei ambayo shirika lenyewe ndilo linaloipanga.

Hilo la shirika kujipangia bei ndilo lenye uzito. Delta iliondoa jedwali la bei za tiketi za maili mwaka 2015, na United ikafanya hivyo mwaka 2019. Tangu hapo tiketi inaweza kugharimu maili chache leo na mara mbili yake wiki ijayo. Malalamiko yaliongezeka kiasi kwamba Septemba 2024 Wizara ya Uchukuzi ya Marekani iliyaandikia mashirika manne makubwa, American, Delta, Southwest na United, kuyataka yaeleze jinsi yanavyoendesha mipango hiyo.

Basi maili moja ina thamani gani? Kwa mashirika ya Marekani, makadirio ya kawaida ni senti moja ya dola, au senti moja na nusu kwa anayejua kuchagua tiketi. Hapa ndipo wengi wanapojidanganya. Kwa miaka kadhaa tiketi ya daraja la kawaida, upande mmoja, kutoka Marekani hadi Afrika kwa Qatar Airways, ikilipiwa kwa maili za American, imekuwa ikigharimu maili 40,000 pale nafasi inapopatikana. Mtu anayevuna maili 5 kwa kila dola atahitaji kutumia dola 8,000 ili azifikishe. Akivuna maili 2 kwa dola, ambacho ni kiwango cha kawaida katika maduka mengi, atahitaji dola 20,000. Na hapo bado kuna kodi na ada za kulipa kwa fedha taslimu, ambazo kwa British Airways zinaweza kuwa nzito.

Manunuzi ya mtandaoni peke yake hayatampeleka mtu nyumbani Afrika haraka. Nguvu yake iko katika kujumlisha. Dola ile ile iliyolipwa kwa kadi ya mkopo yenye maili huleta maili mara mbili: za mlango na za kadi. Viwango hupanda misimu ya sikukuu, hasa Novemba na Desemba, na maduka ya maua huwa na viwango vya juu karibu na Siku ya Akina Mama. Kwa American, tangu mwaka 2022, maili za msingi zinazopatikana kwa manunuzi huhesabiwa pia katika kupandisha daraja la mwanachama, jambo ambalo zamani lilihitaji kuruka kweli kweli.

Faida nyingine huwaokoa wengi bila wao kutarajia. Maili za American hufa zikikaa miezi 24 bila akaunti kutikisika. Avios za British Airways hufa baada ya miezi 36. Jozi moja ya soksi iliyonunuliwa kupitia mlango huo huanzisha hesabu upya, na maili zote za zamani zikabaki hai. United na Delta hazina ukomo huo. Maili za Emirates hudumu miaka mitatu tangu zipatikane, na soksi haziwezi kuzirefushia maisha.

Matatizo mengi hutokea kwenye ule mbofyo. Duka huhesabu aliyemleta mteja mwisho. Mteja akipitia mlango wa shirika la ndege, kisha programu ya kutafuta kuponi ikajitokeza akiwa anakaribia kulipa, kamisheni inaweza kuhamia huko na maili zisionekane. Desemba 2024 Honey, programu ya kuponi ambayo PayPal iliinunua kwa takriban dola bilioni 4, ilituhumiwa hadharani kuchukua kamisheni za watu wengine kwa njia hiyo. Kesi zilifunguliwa mahakamani na kampuni ikakanusha. Anayetaka maili zake azime kwanza programu za namna hiyo pamoja na vizuia matangazo, aanze na kikapu kitupu, na alipe pale pale bila kuhamia kwenye programu ya simu ya duka. Kadi za zawadi mara nyingi hazihesabiwi, wala kodi na gharama za kusafirisha. Bidhaa ikirudishwa dukani, maili nazo hurudi zilikotoka. Picha ya skrini na risiti ya oda vitunzwe hadi maili ziingie.

Kuna nyakati ambapo ni busara kuziacha maili kabisa. Rakuten na wenzake hutoa fedha taslimu kwa udalali ule ule. Duka likitoa maili 2 kwa dola upande mmoja na asilimia 5 ya fedha upande wa pili, fedha ndiyo yenye thamani, na tovuti ya Cashback Monitor huonyesha viwango vyote kwa pamoja. Mwenye deni kwenye kadi asijishughulishe na maili hata kidogo. Riba ya kadi za mkopo Marekani imevuka wastani wa asilimia 20 kwa mwaka, na hakuna mlango wa maili unaoweza kufidia hasara hiyo.

Kwa Waswahili walioko ughaibuni swali la kwanza liwe hili: ndege gani inafika kwetu? Maili za United zinaweza kukata tiketi ya Ethiopian Airlines, kwa kuwa zote zimo katika muungano wa Star Alliance, na Ethiopian hufika Dar es Salaam, Kilimanjaro, Zanzibar, Nairobi, Entebbe, Kigali na Bujumbura. Maili za Delta zinaweza kukata tiketi ya Kenya Airways, mwenzake katika muungano wa SkyTeam. Avios zilizovunwa na mtu wa London kwenye maduka ya Uingereza zinaweza kuhamishiwa Qatar Airways, ambayo tangu mwaka 2022 hutumia Avios hizo hizo. Aliyeko Dubai ana Skywards, mpango wa maili wa Emirates: huunganisha kadi yake ya benki na programu ya Skywards Everyday, na maili huingia anapolipa kwenye maduka shirika, bila kubofya popote.

Wengi wa hao walioko ughaibuni pia ndio wanaoagiziwa na ndugu wa Tanga, Mombasa au Bukavu: kompyuta ya mtoto wa chuo, simu ya mjomba, viatu vya harusi. Bidhaa hizo hununuliwa Marekani au Uingereza, zikatumwa kwa wakala wa mizigo au zikaja kwenye begi la msafiri. Maili zake huingia kama za manunuzi mengine yoyote, ila baadhi ya maduka hukataa kuhesabu bidhaa zinazonunuliwa ili kuuzwa tena, kwa hiyo mfanyabiashara asome masharti kabla ya kuagiza simu ishirini.

Jambo moja halisemwi vya kutosha: mwenye maili si lazima asafiri yeye. Mipango mingi mikubwa humruhusu mwanachama kumkatia tiketi mtu mwingine kwa maili zake, iwe ni baba anayekuja kumwona mjukuu au dada anayewahi msiba. Maili zilizosahaulika kwenye akaunti hazimfai yeyote. Msomaji ambaye aliwahi kujiandikisha na shirika lolote, hata kama ni kwa safari moja ya zamani, afungue akaunti hiyo wiki hii, aangalie zimebaki ngapi na zinakufa lini.