Kocha wa ulinzi chuoni: Jina kubwa halikabi mtu

Kama unataka kuwasha moto Timau Jumamosi jioni, usitaje siasa. Taja raga ya chuo, halafu useme ulinzi ndio unatuangusha. Kuna watu wataacha chai ipoe.

Wanaosoma Nyeri, Karatina, Chuka na Meru wakirudi nyumbani wikendi, stori siku hizi ni moja: kocha wa ulinzi ameenda, nafasi iko wazi, na kila mtu ana jina lake mfukoni. Ameenda wapi? Si amepata kazi. Kocha wa chuo huku mlimani mara nyingi ni mtu wa kujitolea, ama analipwa nauli na chakula cha mchana, kwa hivyo akiitwa kazi ya maana Nairobi, hata wewe ungepanda matatu ya kwanza. Kuenda kwake sina neno. Kinachonikera ni vile mrithi wake huchaguliwa.

Majina yanayotajwa hufanana kila mahali. Kuna staa wa zamani, yule aliyewahi kuitwa kambini na timu ya taifa na bado anatembea kama mtu aliyevaa jezi ndani ya koti. Kuna jamaa wa gym, mabega kama mlango wa stoo, ambaye dawa yake ya kila ugonjwa ni pushapu. Halafu kuna msee wa tatu, ambaye hutajwa mwisho na kwa sauti ya chini: alicheza pale pale chuoni, hakuwahi kuandikwa gazetini, lakini ndiye aliyekuwa akipiga kelele uwanjani akipanga wenzake. Mimi niko na huyu wa tatu.

Kwa wale hawafuati raga, wacha nieleze haraka. Timu ikipoteza mpira, wachezaji hujipanga laini moja kukatiza uwanja. Kuna makocha wanaotaka laini yote ipande juu kwa kasi, umfikie mpinzani kabla hajaamua atafanya nini. Kuna wengine wanataka mteleze, mmsukume mwenye mpira pole pole kuelekea pembeni, kwa sababu ile chokaa ya pembeni ni beki asiyechoka. Njia zote mbili zinafanya kazi. Kile hakifanyi kazi ni wanne wapande, mmoja abaki nyuma akishangaa. Shimo linafunguka hapo, na mtu anapita na mpira bila kuguswa.

Kwa hivyo kazi ya kocha wa ulinzi ni kuhakikisha watu kumi na watano wanaamua kitu kimoja kwa wakati mmoja, wakiwa wamechoka, mvua inanyesha, na hakuna nafasi ya kuulizana. Hiyo ni kazi ya ualimu. Mabega hayasaidii.

Ukitaka ushahidi, mwangalie Jacques Nienaber. Huyu ndiye mtu wa ulinzi aliyekuwa na Afrika Kusini walipobeba Kombe la Dunia 2019, na 2023 akalibeba tena akiwa kocha mkuu. Ile safari ya 2023 ilikuwa ya kuua watu na presha: robo fainali waliwatoa Ufaransa 29-28, nusu fainali wakawatoa Uingereza 16-15, fainali wakawalaza New Zealand 12-11. Mechi tatu, pointi moja moja. Kukaba kumoja tu kukikosewa mahali popote, hakuna kombe. Sasa cheki alikotoka. Nienaber ni mfiziotherapia. Alianza kwa kukanda misuli ya wachezaji, akaingia kwenye mazoezi ya viungo, mwisho akawa bingwa wa ulinzi. Kama angekuja kuomba kazi kwa chuo chetu, kamati ingemuuliza, "Wewe ulichezea timu gani ya taifa?" Na wangemrudisha nyumbani.

Shaun Edwards naye alitoka kwa raga ya ligi, ile ya wachezaji 13, iliyo na sheria zake tofauti kabisa. Akachukua ulinzi wa Wales, na 2008 wakashinda mechi zote tano za Six Nations wakifungwa trai mbili peke yake katika mashindano mazima. Trai mbili, maze! Kuna timu za vyuo huku hufungwa mbili kabla watu hawajamaliza kuegesha boda.

Lakini mahali ambapo hii kazi imekuwa biashara kubwa kabisa ni Marekani, kwa futiboli yao ya helmeti. Usione ni mbali. Ile ni binamu ya raga, na Mkenya aliyesoma Kijabe, Daniel Adongo, aliwahi kuvuka kutoka raga hadi Indianapolis Colts mwaka wa 2013. Kule, kocha wa ulinzi wa timu ya chuo kikuu huitwa mratibu, ana ofisi, ana wasaidizi, na ana mshahara ambao utakufanya uwekee kikombe chini.

Chukua Jim Knowles. Alifika Ohio State kwa msimu wa 2022 akiwa na sifa kemkem. Mwaka huo Michigan wakawapiga 45-23, na usiku wa kuamkia mwaka mpya Georgia wakawatoa 42-41. Mashabiki walitaka kichwa chake. Chuo kikamwachia kazi. Msimu wa tatu, 2024, ulinzi wake ndio uliofungwa pointi chache zaidi kote nchini, wastani wa 12.9 kwa mechi, na Januari 20, 2025 wakawa mabingwa kwa kuwalaza Notre Dame 34-23. Siku chache baadaye Penn State wakamchukua kwa mshahara ulioripotiwa kuwa dola milioni 3.1 kwa mwaka. Piga hesabu: karibu Sh400 milioni. Kuna watu hawataona hizo pesa hata wakiuza waru za Timau yote.

Na Penn State ikawaje? Walianza msimu wa 2025 wakihesabiwa miongoni mwa timu bora kabisa Marekani. Oktoba wakaenda kwa UCLA, timu ambayo ilikuwa haijashinda mechi hata moja, wakapigwa 42-37. Kabla mwezi kufika katikati, kocha mkuu James Franklin alikuwa amefutwa. Kocha wa ulinzi ni yule yule, akili ni ile ile, mshahara umepanda. Kule walikobaki, Ohio State walimpa kazi Matt Patricia, na ukuta wao ukaendelea kusimama.

Mimi nikisoma hiyo stori naona hivi: ule ulinzi wa 2024 haukuwa ndani ya begi la Knowles. Ulikuwa ndani ya vichwa vya wachezaji aliokaa nao miaka mitatu. Alipohama, alianza upya na wanafunzi wapya, na kufundisha kunachukua muda hata kama umelipwa Sh400 milioni.

Sasa rudisha hiyo hesabu huku mlimani. Sisi hatuna miaka mitatu. Mchezaji wa chuo anaingia mwezi wa tisa, anajifunza jina la kapteni mwezi wa kumi, halafu kuna mitihani. Wa mwaka wa tatu wanaenda atachimenti, mmoja Mombasa, mwingine Lodwar. Mwingine karo imekwama, amesimamisha masomo. Mimi mwenyewe nilicheza semista tatu, wingi wa kushoto, kabla karo kuniita nyumbani. Katika hizo semista tatu sikumbuki laini ya ulinzi ikiwa na watu wale wale mechi mbili zikifuatana. Chuo chenyewe sitakitaja, kwa sababu vingi ni hivyo hivyo.

Ndiyo maana staa wa zamani hutuangusha. Yeye alikuwa anaona mambo kabla hayajatokea, na anadhani kila mtu anaona. Ukimuuliza, "Kocha, nitajua aje wakati wa kupanda?" anakuambia, "Utasikia tu." Utasikia nini? Kijana wa mwaka wa kwanza aliyecheza mpira wa miguu maisha yake yote hasikii kitu. Anasikia baridi. Anahitaji mtu wa kumwambia: mwangalie aliye ndani yako, mguu wake wa nje ukisonga, wewe twende. Maneno machache, yale yale, kila Jumanne na Alhamisi, mpaka ayaote.

Wapenzi wa kandanda msidhani hii haiwahusu. Agosti 10, 2025, pale Kasarani, Harambee Stars waliongoza Morocco 1-0 kwenye CHAN, halafu Chrispine Erambo akalishwa kadi nyekundu kabla ya mapumziko. Kipindi chote cha pili, watu kumi. Bao halikuingia. Morocco hao hao ndio waliobeba kombe baadaye. Hatua nzima ya makundi, mechi nne, Kenya ilifungwa bao moja. Vijana wa Benni McCarthy hawakuwa na majina makubwa kushinda wapinzani wao. Walijua tu ni nani anaziba wapi mmoja akikosekana. Kwa timu ya chuo, mmoja hukosekana kila wiki.

Kuna kitu kingine ambacho hakizungumzwi kwa base, na kwangu ndicho kizito kuliko vyote. Majeraha mengi ya raga hutokea mtu akikabana na mwenzake. Kocha wa ulinzi ndiye anakufundisha kichwa chako kikae wapi. Kikiwa mbele ya paja la mtu anayekuja mbio na kilo 95, goti linakupata kwa sikio. Kikiwa nyuma, uko salama kiasi. Makocha wana msemo wa kuchekesha, shavu kwa shavu: shavu lako la uso kwa shavu lake la kukalia. Wasee hucheka siku ya kwanza. Hawacheki tena wakishaona mtu amebebwa.

Mimi nilimwona. Mwenzangu wa kati aliingia kukaba na kichwa upande mbaya, akalala chini, macho wazi, hajui ni siku gani. Kando ya uwanja kulikuwa na chupa ya maji na taulo. Mtu fulani akasema amwagiwe maji arudi, bado dakika ishirini. Alirudi. Alimaliza mechi na hadi leo haikumbuki. Hakuna aliyekuwa ametufundisha kukaba kabla ya siku hiyo. Tulikuwa tumefundishwa kukimbia kuzunguka uwanja.

Sasa fikiria huyu mtu akichaguliwa kwa sababu ni rafiki ya kapteni, ama kwa sababu alikubali kuja bila nauli. World Rugby wana masomo ya mtandaoni ya bure, ya usalama wa mchezo na ya jeraha la ubongo. Unahitaji simu na bando kidogo. Anayetaka kazi ya kufundisha watoto wa watu kugongana na hajayafanya, mimi singemuita hata kwa mahojiano. Hilo ni swali la kwanza, kabla ya kuuliza alichezea nani.

Mnaona basi kwa nini nacheka vikao vya kamati. Wanakaa ofisini kwa dini wa wanafunzi, wanasoma wasifu, wanauliza kuhusu nidhamu na maono ya timu. Jamaa anajibu vizuri, ana tai. Wiki mbili baadaye yuko uwanjani anapuliza filimbi na hakuna anayejua kwa nini.

Mimi ningefanya hivi. Ningemwita kila mmoja Jumanne saa kumi na moja jioni, tena siku ile upepo wa mlima umekataa kutulia. Ningempa dakika arobaini na wanafunzi kumi wa mwaka wa kwanza ambao hawajawahi kushika mpira wa raga. Wakongwe wakae kando, kwa sababu wakongwe wataficha udhaifu wake. Ningeangalia anaongea kwa muda gani kabla ya kuwaacha wafanye. Akizidi dakika tano, huyo anapenda sauti yake. Ningeangalia akiona mtu ameweka kichwa vibaya: anasimamisha mazoezi, ama anasema "sawa, endeleeni"? Na timu ya mabinti ije pia siku hiyo, kwa sababu vyuo vingi humpa kocha mmoja timu zote mbili, halafu mabinti hupata ile robo saa giza limeingia.

Uwezekano ni kwamba huyu naye ataenda. Atapata kazi Nairobi ama Thika, na atakuwa ameikosha roho yake kuikubali. Kwa hivyo kabla apewe hiyo filimbi, aseme ni mchezaji gani wa mwaka wa pili atamfundisha kuendesha mazoezi yeye akiwa hayupo. Kama hana jibu, semista ijayo tutakuwa hapa tena tukitafuta majina.

Dakika arobaini zikiisha, kamati isimuulize kocha kitu. Imwendee yule mwanafunzi mdogo kabisa, aliyejaa matope, imuulize: mpira ukienda kushoto, kazi yako ni gani? Akijibu bila kumwangalia kocha, mpeni huyo mtu nauli yake.