Kumtafuta Mtu Aliyepotea Porini

Mtoto akikosekana jioni katika vijiji vya Misikhu, kando ya barabara itokayo Webuye kwenda Kitale, nduru hupigwa na watu wote hukimbilia vichakani. Bidii hiyo ni njema, lakini nyayo za mtoto hukanyagwa kabla hazijatazamwa na mtu.

Wafundishao kazi hii huanza pale alipoonekana mwisho. Mahali hapo hapana budi pazuiwe, asiingie mtu ila mjuzi wa nyayo. Kisha watafutaji hujipanga mstari mmoja, kila mmoja akimwona jirani yake, na kwenda polepole. Mmoja akiona kitu, mstari wote husimama. Kila kipande kilichopitiwa hutiwa alama, kisirudiwe bure huku kingine kikisahauliwa. (Hesabu za utafutaji huu zilitungwa na wataalamu wa Jeshi la Majini la Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili, kwa kuzisaka nyambizi za adui.)

Kunyamaza nako ni kazi. Jina lake huitwa, kisha wote hutulia na kusikiliza. Mtoto mdogo aweza kujificha hata akiitwa, kwa kuogopa sauti za wageni au fimbo ya babaye. Kwa hiyo yafaa vichaka vichunguzwe hadi chini.

Katika misitu ya Mlima Elgon, ambao kilele chake chafikia mita 4,321, baridi yaweza kumwua mtu aliyelowa mvua kabla ya mapambazuko. Wapanda milima waliopotea hupiga filimbi mara 6 katika dakika moja, hutulia dakika moja, kisha hurudia. Ajibuye hupiga mara 3. Mchungaji wa ng'ombe aweza kujifunza ishara hiyo kwa siku moja.